Moto Niliowasha Kabla ya Kupewa

...sasa hiyo stovu ikakaa tu juu ya boksi, mpya, inang'aa, na mimi na tumbo yangu ya miezi nane naiangalia kama mbuzi ameangalia shamba ya mtu. Siwezi kuguza. Watu wa page, mnisamehe, naongea kwa simu kwa sababu kuandika sijui. Jina yangu mfiche. Nimepita miaka themanini, wajukuu wangu sasa wananyoa ndevu, lakini hii kitu sijawahi kuambia mtu, hata mzee wangu alikufa bila kujua.

Ilikuwa hizo miaka za Uhuru. Mzee wangu alikuwa anachimba kwa mgodi huko Macalder, tunakaa laini ya wafanyakazi, chumba moja. Ukinyoosha mguu umefika mlangoni. Nilikuwa napika nje kwa moto ya jirani yangu, mama mmoja Mkuria, mrefu, wa kucheka sana, alikuwa na kuku moja jeuri ilikuwa inalala kwa sufuria. Mvua ikinyesha tunalala na njaa. Sasa mzee akapata pesa kidogo, akanipeleka duka ya Mhindi pale Migori, akasema mtoto anakuja, chagua kitu moja: redio, pasi ya makaa, ama stovu ya mafuta ya taa, ile ya kupampu. Yeye macho yake ilikuwa kwa redio, nilimwona. Mimi nikafikiria maji ya kuogesha mtoto, uji, mvua. Nikasema stovu. Akalipa, akaibeba mpaka nyumbani.

Kumbe nimejifunga mwenyewe. Kwetu sisi Wajaluo, bibi mpya hawashi moto yake mpaka mama wa bwana amwekee mawe matatu ya kupikia na mkono wake. Kabla hapo unapika kwa moto ya mtu mwingine. Ukijiwashia, hiyo ni chira, laana ya kuvunja mwiko, na chira inakula mtoto kwanza. Mimi nilifikiria mawe ni mawe na stovu ni kitu ya duka. Mama mkwe akafika kutoka Lambwe, mama mdogo mkavu hivi, hapigi kelele. Hata chai hakuwa amekunywa. Akaiangalia, akaniuliza, "Nyar Kosele, moto ya hii nyumba nani amekupa?" Aliniita hivyo, msichana wa Kosele, kwa sababu huko ndiko nilizaliwa. Nikamwomba basi aniwekee mawe. Akasema hawezi kupea moto mtu hajamwona akizaa. Akachukua ile pini ya kuzibua kichwa ya stovu, akaifunga kwa pembe ya leso yake. Akasema atakuwa ananiwashia yeye.

Basi nikafungwa. Mama halali kwa nyumba ya kijana wake ameoa, kwa hivyo alikuwa analala kwa yule Mkuria, na asubuhi jogoo hajawika ako mlangoni kwangu. Nikitaka chai, namngoja. Nikitaka maji moto ya mgongo, namngoja. Akienda sokoni anaenda na pini. Nikilalamika kwa mzee, ananiambia mama akisema amesema, na kama ni redio tungekuwa tunasikia habari saa hii. Jirani alikuwa ananicheka, "Wewe umenunua stovu ama umenunua mama mkwe?" Nilicheka na yeye halafu nikaingia ndani nikalia.

Siku moja mama mkwe akaenda matanga Lambwe, siku mbili. Mzee ako chini kwa shimo. Uchungu ukanishika na mvua inanyesha ile ya kubomoa. Moto ya nje imekufa. Jirani akakimbia kuita mkunga, na wakati wako njiani mtoto akatoka. Baridi. Halii. Rangi yake sitaki kusema. Nilimweka kwa kifua, nikachukua sindano yangu ya kushona, nikazibua kichwa ya stovu, nikapampu, nikawasha. Mkono wangu huu. Nilimpangusa na maji moto mpaka akalia, na mimi nikalia zaidi yake.

Mama mkwe akarudi, akaguza stovu. "Ni nani amewasha?" Nikasema ni Mkuria. Jirani alikuwa amesimama hapo hapo. Aliniangalia, akakubali kubeba hiyo uongo yangu. Mama mkwe akasema Mkuria si bibi wa kwao, chira haimshiki, haina neno, lakini hakulala kwake tena wala hakumsalimia. Mwezi ukiisha akaniwekea mawe kama moto haijawahi kuwaka. Nikapokea. Mimi, na hiyo mdomo yangu yote, nikapokea.

Sasa shida ndio hii. Huyo mtoto ndiye kijana yangu ya kwanza, saa hii nywele nyeupe, na ugonjwa wa presha. Bibi ya kijana yake ako na mimba ya miezi saba, amenunua jiko ya gesi akapika kabla ya kuwekewa mawe. Na kijana yangu ndiye anapiga meza kuliko wote. Anasema msichana arudi kwao mpaka asafishwe. Nikinyamaza, huyo msichana anatoka na tumbo yake. Nikisema, kijana yangu anajua maisha yake yote imetoka kwa moto ya kuiba, na yeye anaogopa chira kuliko anavyoogopa Mungu. Inaweza kumuua. Nishaurini, nyinyi mmesoma, mimi nifanye nini? Wanataka neno yangu leo, ndio mimi mkubwa wa boma, na—

Huyo kijana yangu ananiita. "Mama, njoo useme tumalize. Msichana anafunga nguo."

Nakuja, baba. Mwambie aache kufunga kwanza.