Mkanda Wangu wa Mpira

Aliyeniponza namtaja: Ndunguru, fundi baiskeli wa hapa Mbinga. Tangu ushirika wetu wa kahawa ufe sikuwa na kazi. Juzi mnunuzi binafsi wa kahawa akatafuta mlinzi wa ghala mwenye bunduki yake. Gobore ninalo, mkanda wa kulibebea begani sina. Nilitaka wa ngozi, Ndunguru akanicheka: "Mzee Hyera, ngozi itakukata bega. Funga mpira huu wa tyubu, laini!" Nami mjinga nikafunga.

Nilipofika ghalani, tajiri, yule mnunuzi, akaniambia nikimbie kama ninayefukuza mwizi, anipime. Nikatoka mbio, kifua mbele. Mpira ukavutika, gobore likawa linashuka na kupanda, kitako kikinichapa makalioni kila hatua. Akina mama wanaochambua kahawa wakaangua kicheko. Tajiri akajifuta machozi.

"Kazi umepata, mzee. Ila kesho njoo na mkanda wa ngozi, maana leo bunduki ndiyo iliyokufukuza wewe."