Mwiba wa Mkindu na Kidole cha Dativa

Maneno yalianza kuzunguka kijijini kwetu, huku milimani upande wa Kipatimu, hata kabla ya Jumatano ya Majivu. Kwamba ukichomwa na mwiba wa mkindu wakati wa kukata matawi ya Jumapili ya Matawi, usiutoe. Uache, utatoka wenyewe Pasaka. Ukiuchokonoa kabla Bwana hajafufuka, mkono unakauka.

"Hamuamini? Katazameni kidole cha Dativa," wanawake walikuwa wakiambiana kisimani.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa kike, Imani, mwenye miaka tisa. Mwaka huu ndiyo mara yake ya kwanza kuteremka bondeni na wenzake kukata matawi. Lile neno halikunitoka. Nikipika ninalo, nikilala ninalo. Mwisho nikajiambia, kwa nini nipate habari za kidole kisimani wakati mwenye kidole yupo? Nikaamua kufuatana na Dativa mwenyewe.

Ni asubuhi ya Jumamosi, ukungu bado umelalia mahindi. Dativa anatangulia kwenye njia ya utelezi akiwa na gambuti, panga mkononi, kanga ya pili kaifunga kiunoni. Nyuma yake wanakuja akina mama watano na kundi la watoto wanaoimba Hosana kwa sauti zinazogongana. Kila mmoja anataka ya kwake isikike juu.

"Imbeni polepole," anawaambia bila kugeuka. "Mkizimaliza sauti leo, kesho mtamwimbia Bwana kwa pua?"

Watoto wanacheka, halafu wanaongeza sauti.

Dativa ni mshona mikeka. Kazi hiyo ndiyo iliyomlea, na kwa hiyo hiyo anawalea watoto wake tangu mumewe alipofariki. Anakata ukindu mchanga ambao haujachanua, anauanika, anautia rangi, anauchana nyuzinyuzi, kisha anausuka ukili mrefu kama kamba bapa. Ukili ndio unaoshonwa ukawa mkeka. Mtu akiolewa huku kwetu, akizaa au akifiwa, pana mkeka wa Dativa hapo chini yake.

Na kwa kuwa anaijua mikindu, kigango chetu, kanisa dogo la hapa kijijini, kilimpa kazi ya matawi. Sasa ni miaka mingi. Wengine wanatumia makuti ya minazi, sisi tunatumia ukindu kwa sababu ndio tulio nao na haunyauki haraka.

Njiani namuuliza maana ya haya yote, maana mtoto aliwahi kuniuliza nikababaika.

"Bwana aliingia Yerusalemu juu ya punda, watu wakamtandikia nguo na matawi," ananijibu. "Sasa sisi punda hatuna, tunatembea wenyewe. Lakini matawi tunayo. Ukishika tawi unasema, na mimi nilikuwepo siku ile, na mimi nilishangilia."

Anavuka shimo la tope, kisha anaendelea.

"Na wale wale walioshangilia Jumapili, Ijumaa walipiga kelele asulubiwe. Kwa hiyo ukishika tawi usijione."

Baada ya ibada kila nyumba huchukua majani yake, ikayakunja msalaba mdogo na kuuchomeka juu ya mlango. Unakaa hapo mwaka mzima, ukikauka na kupigwa na moshi wa jikoni. Kabla ya Kwaresima nyingine misalaba hiyo inarudishwa kanisani na kuchomwa. Jivu lake ndilo tunalopakwa kwenye paji la uso Jumatano ya Majivu.

"Tunaimba nalo, halafu linatupaka uso," anasema Dativa. "Mimi napenda hapo. Hakuna kinachotupwa."

Basi nikaona sasa ndiyo nafasi yangu. Nikamuuliza kuhusu kidole.

Ni kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Kimenyooka kama kijiti, hakikunjiki hata kidogo. Akisuka ukili, kidole hicho kinabaki juu kama kinaonyesha mtu. Mkeka aliokuwa akiumaliza kwa wiki mbili sasa unamla mwezi.

"Kidole hiki?" anasema akikitazama kama cha mtu mwingine. "Mama Imani, kidole hiki kina wasemaji wengi kuliko mimi. Waache waseme."

Akaharakisha mwendo. Nikajua hataki.

Bondeni tunamkuta Mwanaheri, mshona mikeka mwenzake, Mwislamu, jirani yetu wa karibu kabisa. Kila Pasaka sahani yetu ya pilau inaingia kwake, na kila Idi yake inaingia kwetu. Tayari kashakata mzigo mzima.

"Tumsifu Yesu Kristo, wapunga majani!" anatupigia kelele kwa utani.

"Milele amina," anajibu Dativa. "Na wewe umekuja kutuibia mikindu ya Bwana?"

"Nyie mnakata ya kupunga siku moja, mimi nakata ya kulalia. Nani mwenye akili hapo?"

Mkindu ni mti mzuri kuutazama kwa mbali. Ukiusogelea, chini kabisa ya kila jani, karibu na shina, pana miiba mirefu na migumu kama sindano ya kushonea magunia. Inajificha. Jani juu ni laini, linapepea, linakuita. Mtoto anaona jani, haoni mwiba.

Dativa anawapanga. Akina mama wakate, watoto wapokee na kufunga mafungu. Anaonyesha namna ya kupitisha panga chini ya bua na kuangusha miiba yote kabla jani halijafika mkononi mwa mtoto. Lakini kazi ikipamba moto nani anakumbuka? Watoto wanaingia chini ya miti, wanavuta wenyewe, wanashindana nani ana fungu kubwa.

Mafungu yamekwisha kupangwa pembeni Dativa anaposimama ghafla na kumtazama mwanangu.

Imani amechuchumaa juu ya fungu lake. Anafunga kamba kwa mkono wa kushoto na meno. Mkono wa kulia kaubana kifuani, kafumba ngumi.

"Imani, nini mkononi?"

"Hakuna kitu, mama mkubwa."

"Fungua."

"Hakuna kitu!"

"Mwanangu, mtu mwenye mikono miwili hafungi kamba kwa meno. Fungua."

Imani akaanza kulia. Si kilio cha maumivu, mimi ni mama, najua. Ni kilio cha hofu.

"Usiutoe, mama mkubwa! Nakuomba, usiutoe! Mkono wangu utakauka kama wa kwako!"

Watu wote waliacha kazi. Mimi nilipiga magoti kwenye tope, nikamfungua vidole kimoja kimoja. Chini ya kidole gumba, kwenye nyama, pana tundu dogo na weusi ndani. Mwiba umekatikia humo humo.

Yustina, mwenyekiti wa jumuiya yetu, akasogea na kumshika mtoto bega.

"Usilie, Imani. Vumilia. Bwana alivishwa taji zima la miiba, wewe mmoja tu. Mtolee yeye mpaka Pasaka, ni zawadi nzuri sana ya mtoto."

Alisema kwa upole, na nia yake ilikuwa njema. Nataka hilo lieleweke, maana Yustina ni mtu wa watu. Na hapo ndipo niliposikia sauti ya Dativa ambayo sijawahi kuisikia.

"Yustina! Na mimi uliniambia hivyo hivyo."

Akalichomeka panga lake kwenye tope.

"Mimi sikuuchokonoa mwiba," akasema, sasa akiwageukia wote. "Sikilizeni nyote, na watoto sikilizeni. Mnasema Dativa alitoa mwiba kabla ya Pasaka ndiyo maana kidole kikakauka. Si kweli. Dativa hakuutoa. Niliuacha! Nilichomwa mwaka jana, Jumamosi kama leo. Jumapili nikaandamana nao mkononi. Jumatatu kidole kikavimba, mkaniambia mtolee Bwana. Nikamtolea. Ijumaa Kuu nilibusu msalaba kidole kimevimba kama muhogo, na nyie mnanitazama kwa heshima. Nilikuwa siwezi kulala kwa maumivu, lakini ile heshima, jamani, nilikuwa naipenda."

Mwanaheri alikuwa ameshaweka mzigo wake chini.

"Pasaka ilipopita nikaenda hospitali. Usaha ulishaingia kwenye kiungo. Wakaniambia kidole tumekiokoa, kukunja hatukuahidi. Niliporudi, mkaona aibu kusema tulimponza mwenzetu. Mkasema alichokonoa. Na mimi nikanyamaza ili tusigombane. Sasa kunyamaza kwangu kunakwenda kumla mtoto huyu mkono."

Yustina alijibu kwa sauti ya chini, "Lakini Dativa, wazee walikuwa wakisema..."

"Wazee gani? Mtaje mmoja."

Yustina akamgeukia katekista Valentini, aliyekuwa anafunga mafungu kwenye baiskeli. "Katekista, si lipo hilo?"

Valentini alijikuna kichwa. Ni mtu asiyependa ugomvi.

"Mafundisho nimesoma, mama," akasema. "Kanisa lina mfungo wa chakula, lina mfungo wa nyama siku ya Ijumaa. Mfungo wa mwiba sijaukuta."

Mtu mmoja akacheka, wengine wakafuata, hata Imani kati ya machozi. Yustina hakucheka. Aliondoa mkono wake begani mwa mtoto.

"Mimi miti hii inanichoma tangu niko mwali," akasema Mwanaheri. "Mwiba hauijui Kwaresima wala Ramadhani. Mpelekeni mtoto, acheni maneno."

Mama mmoja alitoa pini ya nguo, akataka kusaidia pale pale. Dativa akamzuia. Mwiba uliokatikia ndani hauchokonolewi kwa pini yenye kutu bondeni, alisema, utausukuma uende mbali zaidi. Tukamwosha mtoto mkono kwa maji ya kunywa, tukaufunga kwa kitambaa safi, na bodaboda ikatupeleka zahanati, mimi, Imani katikati, na Dativa nyuma na gambuti zake zenye tope.

Tabibu alichoma ganzi, akapasua kidogo tu, akatoa kipande cha mwiba chenye ukubwa wa punje ya mchele. Akamchoma na sindano ya pepopunda.

"Mmewahi," alisema. "Hawa wa ukindu wengi wanakuja mkono umeshavimba, wa kuuokoa ni mimi na Mungu tu."

Dativa aliomba kukiona kile kipande. Alikiangalia muda mrefu kwenye pamba.

"Kadogo hivi," akasema. "Kadogo hivi, na mimi nilikaita sala."

Jumapili mchana padri alifika, amechelewa kwa tope kama kawaida ya masika. Tuliandamana kutoka kwenye uwanja wa shule. Imani alishika tawi kwa mkono wa kushoto, wa kulia una bendeji, na kila alipoulizwa alikunja kidole gumba kuonyesha kwamba kinakunjika. Ninaandika haya Jumatano ya Wiki Takatifu na bado kinakunjika. Asubuhi namkagua, mchana namkagua, mpaka ameanza kunikimbia.

Wakati wa matangazo Dativa aliomba nafasi. Mbele ya watu wote akarudia yale aliyoyasema bondeni, bila kumtaja Yustina. Alipomaliza, palikuwa na minong'ono, na sitasema wote waliamini. Jana nilimsikia mtu dukani akisema Dativa ametumwa na tabibu.

Yustina hakuja kuomba radhi. Ila Jumatatu alionekana akipita nyumba kwa nyumba za jumuiya, akiwakagua watoto mikono. Katika nyumba moja alimpata mvulana aliyeficha mwiba kwenye kisigino, naye akampeleka zahanati mwenyewe. Dativa alipoambiwa alisema tu, "Afadhali."

Mwaka ujao Dativa anataka matawi yakatwe na watu wazima peke yao, siku mbili kabla, na yaletwe uwanjani yakiwa yameshaangushwa miiba. Watoto wayafunge hapo, waimbe hapo. Valentini amekubali. Mwanaheri amesema atakuja na panga lake, kwa sharti kwamba yale yatakayobaki ni ya mikeka.

Kwa sasa Dativa anajifunza kusuka ukili kwa kidole cha kati. Unatoka umepinda, anaufumua, anaanza tena. Anataka Mkesha wa Pasaka pawe na mkeka mpya mbele ya altare, hata ukiwa mdogo.

"Wakisema umepinda," ananiambia, "nitawaambia mshonaji yuko shuleni."

Nyie akina mama wenzangu, wa Pasaka na wa Idi, wote mnaoingia kwenye mikindu, mimi sina elimu kubwa, nina hofu tu ya mama. Someni haya ya kuepuka:

Usimwache mtoto avute jani la mkindu kwa mkono mtupu.

Usimpe jani ambalo miiba yake haijaangushwa kwa panga.

Usichokonoe mwiba uliokatikia ndani kwa pini, kwa kisu wala kwa mwiba mwingine.

Usiweke majivu, mate, wala mafuta ya taa kwenye tundu la mwiba. Maji safi, sabuni, kitambaa safi, halafu zahanati.

Usingoje uvimbe ndipo uende. Usingoje Jumapili ipite. Usingoje Pasaka.

Usipokee neno la kisimani kuhusu mwili wa mtu kabla hujamuuliza mwenye mwili.

Usimsifu mtoto kwa kuficha kidonda. Msifu kwa kukuonyesha.