Walionusurika Dawa

Baba alinipigia simu asubuhi moja ya Juni, nikikaribia kuingia darasani.

"Mwalimu, kuja nyumbani. Kuja uone kitu."

Hakuwahi kuniita mwalimu. Yeye ni mzee wa kanisa, na tangu nianze kufundisha baiolojia katika shule ya Pioneer, alisema kazi yangu ni kuwaambia watoto wa watu kwamba hawana Muumba. Tulikuwa tumekubaliana kutotaja mageuko ya viumbe mezani.

Baada ya masomo nilifika nyumbani Kapseret. Nilimkuta katikati ya mahindi, bomba la dawa mgongoni. Majani yalikuwa yametobolewa na viwavi hadi mwisho wa shamba.

"Nimepuliza mara tatu," alisema. "Dawa ni ile ile. Mwaka juzi iliwamaliza."

"Haikuwamaliza wote, Baba. Wachache walioistahimili ndio waliozaa. Hawa ni uzao wao."

Akafungua kwa kidole majani machanga ya mhindi mmoja. Ndani alikuwamo kiwavi mnene, amejilaza juu ya kinyesi chake kilichofanana na unga wa mbao.

"Kwa hivyo ni mimi nimewafuga."

Akamtoa kiwavi, akamweka kiganjani.

"Na wamekusudia?"

"Hapana. Hakuna aliyekusudia. Inatokea tu."

Maneno hayo nilikuwa nimeyasema darasani mara nyingi bila wasiwasi. Pale shambani yalinitia baridi.

Baba akalishusha bomba chini. "Kama ni shetani, ningejua namna ya kumkemea. Lakini hiyo yako, mtu ataikemea vipi?"

Jumapili aliitwa mbele aombee mashamba. Akashika mimbari, akafungua mdomo, akanyamaza. Waumini walidhani ameguswa na Roho, wakaanza kuitikia amina. Mimi nilijua amekosa la kuomba. Nikaenda kusimama kando yake, nikaomba badala yake, kwa Mungu ambaye sijaacha kumwamini, ingawa siku hiyo sikumwomba atuonyeshe kusudi. Niliogopa angetuonyesha.

Tulingoja dawa iishe nguvu, tukayakata mahindi yote, tukawalisha ng'ombe. Hatukuvuna hata gunzi.

Siku hizi Baba ananipigia kila jioni na swali. Kwa nini nzige? Kwa nini saratani ya mama yako? Ananisikiliza hadi mwisho, kisha anakata simu bila kuniaga, na Jumapili mbili sasa hajaenda kanisani.