Nilivyomkalimania mama mkwe akipimwa ugumu wa mishipa ya damu

Wakuu, poleni na majukumu. Haya yamenikuta mwenyewe pale Kahama, sikuhadithiwa na mtu.

Mama mkwe wangu ni mkulima wa tumbaku Ushetu. Ana presha, ila dawa aliacha kwa madai kwamba haumwi popote. Dada yake alianza hivyo hivyo, leo amepooza upande mmoja.

Mke wangu alikuwa ametoka kujifungua, kwa hiyo kumpeleka kwa madaktari wa moyo waliokuja mjini likawa jukumu langu.

Sasa kwetu Usukumani mkwe ni mkwe, hata macho huyatupi hovyo. Daktari hajui Kisukuma, mama Kiswahili chake ni cha salamu tu. Mkalimani nani? Mimi.

Daktari akasema anataka kujua mishipa imekakamaa kiasi gani. Hakuna sindano. Kidude kimoja shingoni, kingine kwenye kinena, mashine inapima pigo la moyo linatumia muda gani kutoka hapa hadi pale. Mshipa ukiwa laini linakwenda taratibu, ukiwa mgumu linakimbia.

Mimi nilidhani kukimbia ndiyo uzima. Nikauliza mpaka daktari akacheka. Nauza mipira ya pampu kwa wachimbaji, nikaelewa: mpira mpya unatanuka maji yakipita, uliokauka na jua unayatupa mbele kwa kishindo. Na huko mbele, akasema, kuna ubongo na figo.

Haya, mwambie mama.

Nitamke kinena mbele ya mama mkwe? Wakuu, jasho lilinitoka. Nikajificha nyuma ya pazia, nikageukia ukuta, nikasema "pale mguu unapoanzia".

Mama akakataa katakata. Nikasikia anatafuta kandambili zake.

Niliogopa kweli. Akiondoka hapo, dawa ndiyo basi tena.

Nikauliza kama hakuna njia nyingine. Kumbe ipo, ile mikanda ya kupimia presha inafungwa mikononi na kwenye vifundo vya miguu. Hiyo akaikubali.

Majibu: mishipa imezeeka kumzidi mwenyewe. Akauliza kama italainika. Daktari hakumdanganya, alisema haitarudi kuwa ya usichana, ila dawa na kupunguza chumvi vitasaidia isizidi.

Kisha mama, kwa mara ya kwanza tangu nioe, akauliza habari zangu mimi.

"Baba Minza, wewe wamekupima?"

Nikamjibu hapana mayu, yaani mama, mimi siumwi.

"Hata mimi nilisema siumwi. Lala upimwe, nami nitameza dawa. Sikumwoza mwanangu aje awe mjane."

Nikalala. Yangu nayo imeanza kukakamaa kabla ya wakati wake, na daktari akaulizia sigara kabla sijavaa shati.

Nilichojifunza: kutoumwa si kipimo. Aliyewahi kupimwa kwa kile kidude cha kinena aje atupe uzoefu.

Mama anameza dawa kila asubuhi. Jioni anampigia mke wangu kuuliza kama nimevuta.