Dirisha la Kusi

Bi Mwanamize alikuwa mbishi, hilo halifichiki. Miaka ishirini na tano kakaa Azaiba, pwani ya Maskati, na bado kila jioni kiupepo kikimpiga ukumbini alikuwa akisema, "Kusi hiyo," utadhani yuko kwao Unguja. Kusi kwake ndiyo upepo hasa, upepo wa baridi, wa kulala ukashiba usingizi. Kaskazi hakuwa na haja nayo. Ilimkumbusha joto na wageni.

Basi mwaka 1997, Sleiman, mwanawe wa pekee, mwenye gereji mtaa wa Ghala, akapata kiwanja Al Amerat, ng'ambo ya majabali. Akamwambia, "Mama, nnakujengea chumba chako. Nambie unakitakaje."

Bibi hakufikiri mara mbili. Alisimama katikati ya changarawe, akanyoosha kidole kusini. "Madirisha mawili makubwa, hapa. Kule kaskazini ukuta mtupu, niweke kabati langu. Na kiyoyozi sikitaki, kinanitia maumivu ya magoti."

Fundi alimtazama Sleiman. Sleiman akatazama chini. "Haya, mama," akasema. Mwaka mzima akawa akitoka gereji anakwenda kusimamia matofali mwenyewe.

Walihamia mwezi wa tano. Mwezi wa sita ulipoingia, asubuhi moja bibi akafungua madirisha yote mawili kuipokea kusi yake. Lahaula! Kilichoingia ni moto wa tanuri. Vumbi likajaa kitandani, midomo ikampasuka. Siku nne alivumilia, upepeo mkononi, na kila aliyemuuliza akamjibu, "Alhamdulillahi, pazuri." Angesemaje, maskini? Mtoto kajivunja mgongo kwa ajili yake, na kosa ni la kidole chake mwenyewe. Siku ya tano kizunguzungu kikamwangusha kwenye mswala.

Lamya, mke wa Sleiman, mwalimu wa jiografia, alimweka kitambaa cha maji kichwani. "Mama, hii si kusi. Hii gharbi. Inatoka jangwani, kusini-magharibi, na ikishuka majabali ya huko inazidi kupata moto."

"Na kusi yangu iko wapi?"

"Inatoka huko kwenu. Ikivuka ikweta, mzunguko wa dunia unaipinda kulia. Inapita Salala, huko kusini mwa Oman, na manyunyu yake, halafu hiyoo, Bara Hindi. Hapa Maskati haitufikii."

"Na Azaiba je? Si nilikuwa nikiipata kila siku?"

Lamya akakichovya tena kitambaa. "Ule upepo wa bahari tu, mama. Ulikuwa ukitoka kaskazini."

Bi Mwanamize aliyatazama madirisha yake mawili. Machozi yakamlenga, si ya kizunguzungu. Miaka ishirini na tano akiupokea upepo kama mtu wa kwao, kumbe si wa kwao! Iliuma, wallahi.

Sleiman alipoingia, mikono bado ina mafuta ya magari, mama yake hakumwachia hata kusalimu. "Mwanangu, nisamehe. Nimekuharibia nyumba."

Sleiman alilisukuma kabati hata likalia, akagonga ukuta wa kaskazini kwa nyundo. Plasta ikabomoka. Nyuma yake matofali yalikuwa yamepangwa tu, hayakushikwa na saruji, na juu yake palilazwa boriti ya zege ya dirisha, tayari.

"Alaa! Ulijua?"

"Nilijua tangu siku ile."

"Mbona hukunambia, we mtoto?"

Sleiman alichomoa tofali la kwanza, akaliweka chini taratibu. "Unguja uliondoka bila ya kuulizwa na mtu, mama. Huku ukakaa nyumba za kupangiwa. Hii nilitaka iwe ya maneno yako, hata kama kwa wiki moja."

Bibi alicheka na kulia pamoja, akampiga kofi la begani. Matofali yakatoka moja moja, mpaka pakapita kiupepo hafifu, kimechoka kwa kupanda majabali, lakini kina ubaridi wa bahari. Akakiegemezea uso, akafumba macho.

"Kusi hiyo," akasema.

Lamya alifungua mdomo, akamtazama mumewe, akaufunga.