Utando wa Mama Kulwa

Leo nimemwonea mtu wivu kwa sababu ya utando wa tumbo.

Figo zilipogoma, mimi na Mama Kulwa wa Usagara tulianza pamoja kusafisha damu kwa maji yanayoingizwa tumboni, utando wa humo ndio unaochuja. Leo kliniki wametusomea vipimo vya yale maji. Utando wake bado imara. Wangu una dalili za kuchoka, maambukizi yameumaliza.

Nilinuna, jamani. Hata hongera sikumpa.

Nje nikamuuliza, "Mwenzetu unafanyaje?"

"Nikibadilisha maji, chumbani haingii mtu."

Kwangu wanaingia mashemeji, majirani, mpaka wanakwaya. Mgonjwa anasalimiwa kitandani, utamfukuza nani?

"Sasa wewe unawazuiaje?"

"Siwazuii. Tangu niugue hajaja hata mmoja."

Jumapili naenda Usagara kumsalimia. Nani tunaongozana? Tutakaa sebuleni.