Chupa ya Pili ya Maji ya Nkindu

Jua ndiyo kwanza linachungulia, na Kasimiri Luhende ameshaingia majini hadi magotini. Suruali ameikunja, kofia ya kazi ameitundika kwenye tawi. Anainama mbele ya ubao mweupe uliosimikwa katikati ya kijito cha Nkindu, anasoma mstari uliofikiwa na maji, kisha anausoma tena. Maji yamepungua.

Anatupa kipande cha kibuyu kwenye mkondo. Kinaelea, kinazubaa kidogo kwenye majani, kinaendelea na safari yake. Kuna kigingi huku na kigingi kule, na saa ya ofisi iko kiganjani. Kibuyu kikitoka kigingi hiki hadi kile, Kasimiri anajua mwendo wa maji.

"Mwanzoni watu walidhani naagua," anasema akicheka. "Mtu mzima gani anaamka alfajiri kuchezea kibuyu mtoni? Wanawake walikuwa wanasubiri niondoke ndipo wateke."

Kasimiri ni mpima maji wa serikali, kwa mshahara wa shilingi arobaini kwa mwezi. Upande wa juu wa kijito, nyuma ya kilima, uko mgodi wa dhahabu. Upande wa chini ni Choma, nchi ya ng'ombe, wakiwamo ng'ombe wa mkwewe, Mzee Ngollo.

Watu wa Choma wanataka kujua jambo moja: kwa nini ndama wanakufa tangu mgodi uanze kumwaga maji yake kijitoni. Mgodi unasema maji yake hayana neno. Serikali ikaamua chupa ya maji ya Nkindu ipelekwe kupimwa Dar es Salaam, na majibu yasomwe barazani.

Hapo ndipo Kasimiri alipoponzwa na pua yake.

Yeye ni mzaliwa wa Usoke, mtoto wa mrina asali, na Choma ameoa tu. Ofisi ilikuwa imeishiwa chupa, akanunua moja iliyokwisha kutumika dukani kwa Hilali, kule Gongoni mjini Tabora. Akaiosha, akainusa, hakusikia kitu. Akateka maji, kisha akaziba kizibo kwa nta, kama baba yake alivyokuwa akifunga asali ya safari.

"Mtu wa Usoke asikie harufu ya asali?" anauliza, akitikisa kichwa. "Sisi tumezaliwa ndani yake."

Majibu yalirudi kwamba chupa ilikuwa na asali na maji yale hayapimiki. Baraza zima likaangua kicheko. Msimamizi wa mgodi akasema kama Nkindu inatiririsha asali, basi watu wa Choma wana bahati. Mzee Ngollo alikuwa amesimama, ndiyo kwanza anaanza kueleza habari za ndama wake. Akakaa chini.

"Nilimwona mkwe wangu anakaa," anasema Kasimiri. "Nilitamani ardhi ipasuke."

Tangu siku hiyo wawili hao hawajasemezana. Salamu zimekuwa zikipelekwa na kurudishwa na Leonia, mke wa Kasimiri, ambaye anasema amechoka kuwa posta. Mzee ametangaza kwamba chupa ya pili nayo ikiharibika, atahamisha ng'ombe na mji wake wote, na Leonia ni binti yake wa pekee.

Na chupa hiyo ya pili haiwezi kungoja. Mvua zikianza, kijito kitajaa, na chochote kilichomo kitachanganyika na maji ya mbinguni hata kisionekane.

Leo chupa ni mpya, imetoka ofisini. Kasimiri anaisuuza kwa maji ya Nkindu yenyewe, anayamwaga upande wa chini, anarudia. "Lazima isahau ilikotoka," anaeleza.

Ghafla anasikia mtu akikohoa ukingoni. Ni Mzee Ngollo, ameegemea fimbo yake ya kuchungia.

"Shikamoo, baba," anasema Kasimiri, akiinama huku maji yakimlowesha.

"Marahaba."

Kasimiri anatoka majini, anamnyooshea chupa kwa mikono miwili. "Naomba uninusie, baba. Pua yangu siiamini."

"Yangu ina nini?"

"Wewe ni mtu wa maziwa."

Mzee anaipokea, anafumba macho, ananusa. Anaigeuza, ananusa tena.

"Haina harufu. Teka," anasema hatimaye. "Kama ni sumu, niambiwe ni sumu. Kama siyo, nikatafute kwingine kinachoniulia ndama. Lakini habari za asali, mkwe wangu, sitaki kuzisikia tena."

Kasimiri anateka. Safari hii haweki nta. Chupa inalazwa kwenye sanduku la majani makavu, tayari kwa lori la Tabora na kisha gari moshi la pwani. Mzee anaibeba mwenyewe hadi barabarani.

Kasimiri anatumaini mgodi utaamriwa kuchimba bwawa la kutulizia maji yake kabla hayajaingia Nkindu. Lakini akiulizwa anachokitaka zaidi, hataji bwawa.

"Siku ya majibu nataka baba mkwe asimame tena palepale barazani," anasema, akimtazama mzee anavyopanda kuelekea barabarani na sanduku kifuani. "Amalize maneno yake ya ndama. Safari ile hakumaliza."